Nilivyolila Tonge la Msafiri

Nianze na ukweli: katika kisa hiki mjinga ni mimi. Nyinyi wenzangu wa Mtongwe mumeniuliza tangu nirudi, "Kombo, ulikwenda harusini Lamu ukarudi bila hata harufu ya pilau, kulikoni?" Nami nimempa kila mmoja uongo wake. Kuna niliyemwambia nilishikwa na homa. Kuna niliyemwambia walitaka kuniozesha kwa nguvu nikaruka dirisha. Sasa nimechoka kukumbuka uongo upi ni wa nani. Naandika mara moja, musome kwa zamu, na anayetaka kucheka aje anichekee hapa hapa barazani.

Na kama karatasi hii itamfikia asiyenijua, basi anijue. Mchana mimi ni dobi, napiga pasi mashuka katika hoteli moja pale Shelly Beach. Jumamosi jioni navuka feri, nakwenda kwenye redio, nageuka Inspekta Kiroboto, mpelelezi asiyekosa mwizi. Kazi ile sikupewa kwa elimu, maana shule yangu ni ya msingi tu na hata hiyo nilikuwa nakaa nyuma. Nilipewa kwa sauti. Inspekta akinusa jambo husema, "Hapa pananiwasha!" na Likoni nzima huitikia. Kitu kimoja tu hafanyi: halii. Katika mchezo ule wamekufa watu chungu nzima, na Inspekta hajatoa chozi. Likumbukeni hilo.

LIKONI HADI MTWAPA

Mjomba wangu alikuwa akioza binti Lamu, na mimi nikapewa kazi ya kupeleka kanzu ya bwana harusi. Nyinyi mwanijua kwa pasi. Kanzu ile niliipiga mpaka ikasimama yenyewe, na nikaapa haitakunjwa hata mara moja hadi Lamu. Kwa hivyo niliibeba kwenye henga, mkono juu, kuanzia feri ya Likoni, daraja la Nyali, mpaka Kisauni kwenye basi. Watu wakanipisha kama nimebeba jeneza.

Mtwapa basi likaingia kwenye pantoni ya kuvukia maji. Mwawajua wale vijana wanaovuta mnyororo wakiimba: hawana wimbo maalumu, wanamwimba abiria yeyote watakayemwona. Siku ile wakaniona mimi.

"Bwana harusi hana kichwa, hana miguu, kanzu tupu yaenda kuoa!"

Basi zima likacheka, mama mmoja akanipa andazi kwa kunihurumia. Mimi nikacheka zaidi ya wote. Sikujua kwamba hapo ndipo nilipokuwa na heshima yangu ya mwisho safari ile.

MALINDI HADI MATOPENI

Tulilala Malindi, asubuhi tukaondoka na mvua. Si mvua, ni mtu amepindua pipa. Kwenye lile bonde la mto, udongo wake mweusi ukinyeshewa hushika gurudumu kama mtu aliyekukumbatia na hataki kukuacha. Saa nne basi likazama hadi milango.

Dereva akashuka, akatazama, akavua kofia. "Jamani," akasema, "mto umevunja kingo. Maji yaja. Tungojeni lori la nyuma, litatuvuta ama litatubeba turudi."

Mimi wasiwasi wangu ulikuwa mmoja: kanzu. Ndani ya basi mlikuwa mkivuja. Nikaona kichuguu kikubwa mbali kidogo, na mti mkavu juu yake. Nikajiambia, nitaitundika pale ipate upepo. Nikavuka maji yakiwa ya kifundo cha mguu. Nikatundika, nikaikung'uta, nikaitengeneza kola. Nilipogeuka, maji yalikuwa kiunoni na lori lilikuwa limekwishakuja. Nikapiga kelele. Wakanipungia mkono! Wallahi, walidhani nawaaga. Lori likaondoka na abiria wote, na andazi la yule mama, na sanduku langu.

Nikakaa juu ya kichuguu na kanzu ya mtu. Mchana ukapita. Mbu wa kule ni wakubwa, wakikutulia unausikia uzito wao. Nikaanza kusema peke yangu ili nisilie, kwa ile sauti ya redio: "Hapa pananiwasha! Hapa napo pananiwasha!"

Kwenye matete nikasikia mtu amejibu, "Inspekta?"

Ukatokea mtumbwi. Ndani yake bwana mmoja wa makamo, mrefu, ana pondo mkononi na mdomo wazi. Akanitazama, akaitazama kanzu, akasimama wima mtumbwini na kunena kwa sauti ya msoma habari kabisa:

"Hamjambo wasikilizaji?"

Nikageuka nyuma kuona wasikilizaji wengine. Hakuna. Ni mimi tu.

KIJIJINI

Bwana huyo ni Buya. Kijiji chao kiko juu ya kipande cha nchi kilichozungukwa na mto na matete. Jina la kijiji sitalitaja. Hawapendi njia yao ijulikane, nami nimeahidi. Wanalima mpunga, wanavua kambare, wana lugha yao, na kwa mwaka mzima mtu anayetoka ni Buya peke yake, kwenda kwenye duka la kivukoni kununua chumvi na betri za redio. Redio ni moja, ni yake, na Kiswahili kijiji kizima wamefunzwa nayo. Kwa hivyo mtoto akikuona anakwambia, "Karibu tena." Mkimaliza kuzungumza, mtu husema, "Na huo ndio mwisho wa habari," akaenda zake.

Na Inspekta Kiroboto wanamjua kuliko mimi ninavyomjua.

"Yule mwizi wa kengele ya skuli," Buya akaniuliza hata hatujafika, "ni shemeji yake, sivyo? Betri ilikufa kabla ya mwisho."

"Ni shemeji yake."

"Nilijua!" Akapiga maji kwa pondo. "Nilimwambia mke wangu!"

Nikajaribu kuwaeleza. Nikasema mimi ni dobi, yule Inspekta ni mchezo, maneno nimeandikiwa. Wakanisikiliza vizuri sana, kisha wakatazamana na kutabasamu, kama watu walioelewa kwamba mpelelezi hawezi kukiri kazi yake mbele za watu. Nikawaacha. Niseme kweli, nilikuwa nimeanza kupenda. Hotelini hakuna anayenisimamia nikipita.

SINIA

Nilipewa kulala kwa mama mmoja mjane. Wengine wote pale waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani, mama fulani, lakini yeye aliitwa "Mama" tu. Nikamwamkia, "Shikamoo Mama," akaitikia "Marahaba mwanangu," akanishika uso kwa mikono miwili, mikono inanuka moshi na samaki.

Jioni, jua halijashuka, likaletwa sinia. Wali wao mpya, jamani, una harufu ya kuwafanya mtubu. Kambare wa kubanika na tui zito. Tukala, Mama, Buya, mkewe na mimi. Sinia likaisha, likabaki tonge moja, limefinyangwa vizuri, limewekwa ukingoni, na kipande kinono cha samaki juu yake. Hakuna aliyeligusa. Nikamtazama huyu, nikamtazama yule. Nikadhani wanaoneana haya, kama tufanyavyo kwetu, kila mtu ampishe mwenzake. Mimi nikasema moyoni, niwaondolee taabu.

Nikalitia mdomoni.

Mke wa Buya akashika kifua. Buya akasema polepole, "Inspekta. Umelila."

"Nimelila. Kwani?"

"Lilikuwa la msafiri."

Pale kwao, mtu wa nyumba akiwa safarini, tonge lake hubaki ukingoni kila mlo, na haliliwi na mtu. Mama alikuwa na mwana mmoja. Alikwenda Mombasa kutafuta kazi, na neno lake halijasikika kwa miaka mitatu. Miaka mitatu, asubuhi na jioni, Mama alimfinyangia tonge. Na mimi nikalila, nikalamba na kidole.

Nilitamani mbu wanichukue. Mama alinitazama sana. Kisha akauliza, "Lilikuwa tamu?"

"Tamu, Mama."

"Kila siku hutupiwa kuku," akasema. "Leo limeingia kinywa cha mtu." Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Kwetu, alilaye la msafiri ndiye amleteaye. Na Mungu naye ameniletea mpelelezi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema mimi ni dobi. Badala yake nikasikia sauti ya Inspekta ikitoka kinywani mwangu yenyewe: "Nitamtafuta, Mama. Nipe jina lake."

Wote watatu wakainamisha vichwa.

Maana hilo nalo halitajwi. Msafiri akitoka, jina lake hufungwa midomoni hadi arudi. Ndiyo sababu yeye akawa Mama tu: kumwita mama-fulani ni kumtaja huyo fulani. Jina likitajwa naye hayupo, basi amekufa, hayo ndiyo maziko yake. Sasa niambieni, Mombasa nzima, Changamwe, Kisauni, Likoni, na kisiwa chenyewe, nimtafute mtu asiye na jina!

Mimi na ujanja wangu wa Mtongwe, kesho yake nikamfuata Mama akipeta mpunga. "Mama," nikamwambia, "wewe usiseme kitu. Mimi nitataja majina yote ya kiume ninayoyajua. Nikifika kwake, wewe kohoa tu." Nikaanza, kwa mzaha, na vidole. Jilo. Hiribae. Dhadho. Jina la nne sikulimaliza. Mama aliuangusha ungo, mpunga ukamwagika wote, akaziba masikio kwa mikono miwili.

Buya akanitoa nje kwa mkono. Hakunigombeza. Akasema tu, "Wazee wamekwishakata shauri. Mavuno haya yakiisha bila habari, jina litasemwa mbele ya watu, na matanga yatakaliwa. Yamebaki majuma matatu. Usimharakishie."

Nikarudi nikakusanya mpunga, punje kwa punje, mpaka adhuhuri. Mama akakaa kando yangu akinisaidia.

KIVUKONI

Maji yaliposhuka, Buya akanipeleka kivukoni kungoja lori la kurudi Malindi. Harusi ilikuwa imekwishapita. Kanzu Mama aliifua kwa majivu, ikawa nyeupe kunishinda mimi na sabuni zangu za hoteli, ikakunjwa ndani ya mkeka. Nikakubali ikunjwe.

Duka la kivukoni ni la mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye pia ndiye anayepokea barua za sehemu zile. Tulipoingia tu, akamwona Buya, akapaza sauti:

"Wewe mtu wa mateteni! Hebu leo nijibu! Kwenu yupo Mama Komora? Mama Komora!"

Buya aligeuka bila neno, akatoka, akaenda upesi hadi mtumbwini akakaa amenipa mgongo.

"Wamuona?" mwenye duka akaniambia. "Kila akija ni vile vile. Nauliza jambo la kawaida, anakimbia kama nimemtukana. Nami nina barua hapa zimejaa kopo."

"Barua?"

"Saba. Zote za Mama Komora."

Sikusema pananiwasha. Mwili wote ulikuwa baridi.

Nikashuka mtoni. Buya alikuwa akilia, bwana mzima, bila sauti. "Nilijua zamani," akasema. "Mara ya kwanza yule mzee alipolitaja jina lile, nilijua habari ya kifo imefika. Nani hutaja jina la aliye hai, naye yuko safarini? Nikasema sitamwambia Mama. Aendelee kufinyanga tonge lake. Nimelibeba peke yangu karibu miaka mitatu, Inspekta. Na huo ndio mwisho wa habari."

"Buya," nikamwambia, "maiti haandiki barua saba."

Akanitazama. Nikarudi dukani, nikaziomba barua kwa sauti ya Inspekta, na kumbe mwenye duka naye husikiliza. Alinipa na kopo lake. Zilitoka Magongo, Changamwe. Nikasoma mistari miwili ya ile ya juu, nikasikia honi: lori la Malindi limefika, lingine halijulikani lini.

Nyinyi mwasema mimi sina msimamo. Nililitazama lori lile likipanda kivuko, likavuka, likaenda. Nikaingia mtumbwini.

KURUDI KIJIJINI

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Nikakaa chini mbele yake na barua zote, nilizokuwa nimezifunga kwenye kanzu zisipate maji. Nikamwambia, "Mama, nitakusomea. Jina sitalisema. Nikilifikia nitanyamaza kidogo, wewe utajua."

Akaitikia kwa kichwa. Watu wakajaa uani, na Buya akaenda kuizima redio.

"Mama yangu mpenzi, mimi mwanao..." nikanyamaza. Mama akafumba macho, midomo yake ikasogea bila sauti. "...niko hai. Nafanya kazi ya kubeba magunia Changamwe. Wali wa huku hauna harufu."

Ya pili alisema ameumia mguu. Ya tatu, umepona ila anachechemea. Ya nne, "Mama, nijibu hata neno moja." Ya tano, "Kama nimekukosea, nisamehe." Ya sita ilikuwa fupi. Na ya saba:

"Mama, hii ni ya mwisho. Naona hunitaki tena. Sitakusumbua. Mimi mwanao..."

Nikanyamaza pale palipo jina, na sikuweza kuendelea tena. Yule Inspekta asiyelia, nawaambia, alilia uani mwa watu, kamasi na yote, mbele ya wasikilizaji wake wote. Mama ndiye aliyenifuta, kwa kiganja, kama mtu afutaye sufuria.

"Nyamaza," akaniambia. "Yuko hai. Mwambie sijamkataa. Mwambie nilikuwa nikimngoja kimya."

Asubuhi ya kuondoka akanishika mkono ukingoni mwa mto. "Inspekta ni jina la redio," akasema. "Mamako alikupa lipi?"

"Kombo, Mama."

"Kombo," akasema. "Kombo. Kombo." Mara tatu, polepole, kama mtu aonjaye chumvi. Nikapanda mtumbwi.

MAGONGO

Kivukoni nilingoja siku mbili, Malindi nikalala tena, nikafika Kisauni na homa kweli, sikudanganya yote. Sikuvuka nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Changamwe, nikashuka Magongo Road, kwenye hoteli ndogo ya chakula ambayo anwani yake ndiyo iliyokuwa mgongoni mwa barua. Adhuhuri. Wabeba magunia wamejaa, vumbi la unga hadi kwenye kope.

Sikuuliza jina. Niliogopa, sijui kwa nini, nami si wa kule. Nikaagiza chai nikatazama sahani za watu. Mmoja akasafisha yake kwa ugali. Mwingine akailamba. Kwenye kona kuna kijana mmoja, mrefu, mguu mmoja ameunyosha mbele. Akala polepole. Alipofika mwisho akafinyanga tonge moja, akaweka kipande cha samaki juu, akalisukuma ukingoni. Akanawa mikono.

Nikaenda nikakaa mbele yake. "Hilo la nani?"

"La mwenye safari," akasema, kama mtu aliyekwishazoea kuulizwa na kuchekwa.

"Mwenye safari ni wewe. Na lako nililila mimi, kwa mamako. Lilikuwa na kambare."

Akalishika tonge, akalirudisha, akalishika tena. Nikamweleza yote, duka, mwenye miwani, Buya na masikio ya Mama. Nilipofika kwenye jina lililoandikwa juu ya bahasha akajipiga paji la uso kwa kiganja, hoteli nzima ikageuka.

"Sikujua kuandika," akasema. "Nilimwambia mwandishi wa barua aandike 'Mama'. Akasema Mama ni wengi duniani, barua haiendi bila jina. Nikamwachia. Mimi ndiye niliyejizika!"

Komora aliondoka kesho yake. Nilimpigia pasi ile kanzu, akaivaa. Bwana harusi wa Lamu nasikia alioa kwa kanzu ya kuazima, na mjomba bado hajasema nami.

Mavuno yakapita. Juma lililopita nikamwona Komora yuwaja hapa Mtongwe, amebeba kambare wakavu wa kutosha mtaa mzima, amerudi kazini kwa muda na mamake amemruhusu. Tukacheka sana. Mwisho nikamuuliza, kwa mzaha lakini moyo wangu haukuwa na mzaha, wanasemaje kule kunihusu.

"Nimekaa miezi miwili," akasema, "na jina lako sijalisikia hata mara moja."

Nikacheka, nikasema sawa, mjini watu husahauliwa, sembuse huko. Akanitikisa bega.

"Kombo, hukufahamu. Siku ya kwanza nilitaka kukutaja, Mama akaniziba mdomo kwa mkono wake. Na lile tonge, mimi nimekwisharudi, lakini sinia haliondoki bila tonge ukingoni. Niliponyosha mkono nilitwae akanipiga vidole, akaniambia, 'Hilo si lako.'"